Makala ya Mama

Leo Mama yangu ameniletea makala, kipande ya makaa ya kupikia, ili niiweke mu telefone.

Si muchezo, bandugu. Iko hapa Nyabiondo, penye natengenezaka matelefone. Wateja wakacheka, na mie nikacheka.

"Radio imesema batri za kesho zitatoka mu grafeni," akasema. "Zitajaa mbio, hazitakufa ovyo. Na grafeni njo ndugu ya makala. Nimechagua yenye iko nguvu."

Kisha akatoa telefone ya marehemu Papa yangu.

"Sauti yake iko mule ndani."

Kicheko kikaisha.

Nikatia batri mupya. Ikawaka. Lakini memoire, penye sauti zinachungwaka, imeungua, haina kitu.

"Mama, si batri njo ilikufa."

Akasukuma makala ku upande yangu.

"Uichunge tu. Grafeni haijafika bado."

Ninyi mungemujibu nini? Mie nimeifunga mu kitambaa.