Cha Mtoto Hakitoki Lupangoni

Nilipokuwa mtoto kwetu Vuhovi, chochote kilichotoka mwilini mwa mtoto hakikuruhusiwa kutoka lupangoni, yaani nje ya uzio wa nyumba yetu. Nywele zikinyolewa, zilikusanywa na kufukiwa chini ya migomba. Kucha vilevile, na jino lililong'oka, hata kile kinachoachwa nyuma ya nyumba asubuhi. Bibi yetu, ambaye kwa Kinande tulimwita Mukaka, ndiye aliyesimamia sheria hiyo, na hakuwa na mchezo nayo. Cha mtoto kikivuka uzio, alisema, mtoto mwenyewe atakifuata. Sikumwuliza atakifuata kwenda wapi.

Naandika haya kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye ninayeulizwa nani alizaliwa lini na nani alizikwa wapi, na waliokuwepo wanapungua. Nitasema nilichokiona. Nilichoambiwa baadaye, nitasema niliambiwa.

Mdogo wangu Kavira alikuwa na miaka minne. Mama anashikilia kwamba ulikuwa wakati wa kuvuna maharage. Mimi nakumbuka mahindi yakianikwa, na katika hili sikubaliani naye. Kavira alipata homa, homa kama za watoto wote, ikapoa. Asubuhi moja alipoitwa kunywa uji alishuka kitandani akaanguka. Mimi na binamu yangu Paluku tulicheka, tukidhani anacheza. Akajaribu tena, akaanguka tena, na mguu wa kuume ukabaki umelala chini kama kitambaa kilicholowa. Hapo Mama akaacha mwiko sufuriani.

"Alikanyaga kitu," Mukaka alisema.

Kwetu maneno hayo hayakuhitaji maelezo. Kuna watu wanaofukia dawa njiani kwa ajili ya adui yao, na mguu wa kwanza kupita ndio unaoichukua. Mtoto aliyekanyaga yuko wazi kama nyumba iliyong'olewa mlango. Mpaka afike mtu wa kumfunga kwa dawa, kitu chake hakipaswi kwenda popote. Mukaka akatuma ujumbe Masereka kumwita mzee mmoja wa kazi hiyo.

Kabla mzee hajafika, alifika Papa Mbusa. Alikuwa mkulima kama sisi, lakini kituo cha afya kilikuwa kimemchagua apite nyumba kwa nyumba na kupeleka habari za magonjwa. Watu walimwita relé. Alikuja na muuguzi wa kituo, kijana mrefu mwenye viatu vilivyojaa matope, amebeba kisanduku cha kutunzia baridi. Muuguzi aliinua mguu wa Kavira, akauachilia, ukaanguka. Akafanya hivyo tena, polepole, kama mtu anayetumaini kwamba amekosea. Kisha akaomba kinyesi cha mtoto.

"Mavi?" Mukaka alisema. "Mutaifanya nini?"

"Tunatafuta microbe moja, Mukaka. Inakamata batoto miguu. Hapana ya kila siku, lakini mutoto mumoja akikuwa nayo, tunapashwa kujua mbio."

"Mutaitafutia wapi? Hapa?"

"Kinshasa."

"Kwa miguu?"

"Kwa ndege," alisema Papa Mbusa.

"Mimi na bumama bwangu bote sijafika hata Beni. Mavi ya mujukuu wangu njo itanipita?"

Papa Mbusa alicheka. Mukaka hakucheka.

"Na mukishaiangalia, mutoto atatembea?"

Muuguzi alikuwa mkweli, na mara nyingi nimewaza kwamba ukweli wake ndio uliotuponza. "Hapana," alisema. "Lakini itasaidia bengine."

"Kumbe munakamata ya huyu, munaenda kusaidia batoto ba batu."

Mama, aliyekuwa amempakata Kavira, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, tuwapatie tu." Mukaka alimtazama mkwe wake mpaka akainamisha kichwa. Halafu, tusivyotegemea, akanyoosha mkono. "Leteni hiyo kikopo. Mukuye kesho asubui."

Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba nikisugua vyungu kwa majivu. Mukaka alikuja amemshika mkono Paluku. Paluku alikuwa mtoto wa baba mdogo, rika moja na Kavira. Mama yake alikuwa ameondoka zamani, kwa hiyo alilala kitanda kimoja na Mukaka na kula katika sahani yake. Kiunoni alivaa uzi mweusi wenye dawa, ambao Mukaka alimfunga siku aliyozaliwa.

Mukaka akaweka kikopo chini, akaona ninatazama.

"Huyu nilimufungaka," aliniambia. "Hakuna kitu itamufikia."

Paluku alifanya alichoambiwa, tena kwa bidii.

"Masika! Yangu itapanda ndege! Yako inabakia hapa na migomba!"

"Banasema ni ya Kavira," nilimjibu.

"Ni yangu! Mimi njo nilisukuma!"

Mukaka akamtia ndizi mbivu kinywani. "Kula. Nyamaza." Alikula huku anacheka, na mimi nilicheka, na nadhani hata Mukaka alitabasamu. Kesho yake wakarudia, kwa sababu muuguzi alitaka mara mbili. Papa Mbusa akavichukua vikopo, kila kimoja kwa siku yake, akaviweka kwenye baridi. Vikaondoka kwa jina la Kavira.

Mzee wa Masereka alifika, akamchanja Kavira gotini, akapaka dawa. Mguu haukuamka.

Baada ya wiki kadhaa Papa Mbusa alirudi amefurahi kama mtu aletaye habari ya harusi. "Kinshasa banasema hakuna kitu! Hakuna ile microbe!"

"Nilisema," Mukaka alijibu.

Kilima kizima kikasema pamoja naye: hata hospitali imekubali kwamba si ugonjwa. Muuguzi peke yake hakuridhika. Alikuja akaushika ule mguu, ambao sasa ulikuwa umekonda, akasema mguu unasema hivi na Kinshasa inasema vile. Lakini jibu lilikuwa limeshatoka. Miaka ile barabara ilikuwa ikifungwa na watu wenye bunduki, na matone ya chanjo yalipelekwa kwanza kule ambako ugonjwa ulijulikana.

Mvua zilikuwa zimeanza Paluku alipopata homa. Siku ya tatu hakuweza kuinua mkono kuchukua kiazi. Alasiri shingo ilikuwa inaanguka, na uji aliopewa ukatokea puani. Baba mdogo alimlaza juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili tulilobebea viazi, akakimbia nalo kushuka kilima. Mukaka alikimbia nyuma yake bila viatu. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Kule kituoni, niliambiwa, muuguzi alitoa kikopo. Mukaka hakuuliza kinakwenda wapi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Paluku alikufa kesho yake, kabla njia ya kwenda hospitali ya Butembo haijafunguka. Wakamrudisha kwa chukudu ileile. Wakati wa kumwosha, Mukaka alilivuta fundo la uzi kiunoni mwake. Lilikuwa limekaza.

"Haikufunguka," alisema, si kwa mtu yeyote. "Haikufunguka hata kidogo."

Jibu lilifika tulipokuwa tumeshazika. Safari hii lilikuwa ndiyo. Wakaja watu wengi na visanduku vyao, wakapita kila nyumba ya kilima chetu na vilima vya jirani, wakidondosha matone vinywani na kupaka wino vidoleni. Mukaka alitupanga mstari wajukuu wote, Kavira akiwa mgongoni mwangu, akasimama pale mpaka kila mmoja amemeza. Hakumwambia mtu alichokuwa amekifanya. Nami nilikuwa mtoto. Sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kusema.

Nilikuja kujua baadaye. Nilisoma sekondari Butembo, na miaka mingi baadaye nilikutana huko na yule muuguzi, mvi zimemjaa. Nilimwuliza, kama mtu anayeuliza tu, kingetokea nini kama kipimo cha dada yangu kingesema ndiyo.

"Matone yangekuja wakati ule."

"Yangemfikia Paluku?"

"Labda," alisema. "Ile bintu, siku moja njo inaleta tofauti. Unauliza juu ya nini?"

Nilimuaga, nikaenda zangu.

Mukaka alimalizia uzee wake kwangu, Butembo. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini kumbukumbu ilikuwa kama yangu, haiachi kitu. Alikuwa haweki kijiko kinywani kabla hajahakikisha kwamba watoto wamekula. Siku moja nilikuwa namkata kucha, naye akihesabu vidole ili asikose hata kimoja.

"Masika. Wewe ulisoma."

"Ndiyo, Mukaka."

"Ile nilipatiaka bale batu. Ile ya Paluku. Ni ile njo ilimuua?"

Niliweka wembe chini. Kwa njia aliyoiogopa yeye, hapana. Hakuna mtoto anayekufa kwa sababu kitu chake kimevuka uzio. Kwa njia aliyonieleza muuguzi, labda ndiyo. Nikisema hapana, nitakuwa nimempa faraja ya uongo. Nikisema ndiyo, atasikia ndiyo ya kwake, wala si ile yangu, na atakufa nayo.

"Ulikuwa unamulinda Kavira," nilisema.

Aliurudisha mkono wake kifuani, akageukia ukutani.

"Hiyo haiko ile njo nilikuuliza."

Hakuuliza tena. Tulimzika Vuhovi, kando ya Paluku.

Sasa naishi Beni, katika komini ya Ruwenzori, na Kavira ana duka lake la vitambaa Butembo, na fimbo yake, na ulimi mkali. Relé wakipita katika mtaa wetu, kuna mama jirani anayewauliza kila mara watakwenda kufanya nini na kitu cha mtoto wake. Wengine humcheka. Mimi huenda nikakaa naye mlangoni, nikamweleza kwa urefu, hadi swali litakapokwisha. Nimefikiri kwamba muuguzi alikuwa akitulinda, na Mukaka alikuwa akitulinda, na kila mmoja wao alimwona mwenzake kama ndiye hatari. Paluku akapita katikati yao. Hilo ndilo jibu nililo nalo. Nimelitafuta miaka mingi, na hata leo, kama Mukaka angegeuza uso wake kutoka ukutani, sidhani kama ningeweza kumwambia.