Maranda ya Mzee Aroni

Isakwisa wa Uyole ana ugonjwa mmoja, na mkewe Joyness ameshaacha kuutafutia dawa. Akiona randa ya zamani, iwe imetupwa kwenye vyuma chakavu vya Mwanjelwa au imewekwa mlangoni kwa watu ili upepo usiubamize, hapiti. Atasimama, atasalimia mpaka wenyeji waanze kumshuku, na mwishowe ataondoka nayo kwapani huku akitabasamu peke yake barabarani.

Kabati la sebuleni, ambalo Joyness alilitaka kwa ajili ya vyombo, limejaa randa. Za chuma zipo, na za mbao walizochonga mafundi wenyewe zipo. Karibu zote zilifika zikiwa na kutu kama jembe lililosahaulika shambani. Yeye huzilaza kwenye mafuta ya taa, huzisugua kwa brashi ya waya na msasa, hunoa ulimi juu ya jiwe mpaka uweze kunyoa malaika ya mkono, kisha hupaka nta ya nyuki. Mafundi wenzake siku hizi wanapeleka mbao kwenye mashine, na zinarudi zimenyooka kabla chai haijapoa. Wanamcheka. Naye anawacheka, maana hawaijui raha ya kusikia ulimi wa randa ukiimba juu ya mninga.

"Baba Tupokigwe," Joyness humwambia, "wanaume wengine wanarandaranda kutafuta wanawake. Wewe unarandaranda kutafuta randa. Sijui nishukuru ama nilie."

"Shukuru," humjibu.

Ila randa aliyoitaka kuliko zote hakuwa nayo. Ujanani alijifunza useremala kwenye karakana ya misheni kule Iringa, chini ya fundi mmoja Msangu aliyeitwa Mzee Aroni. Mzee alikuwa na randa ndefu ya mbao aliyoichonga kwa mikono yake, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa. Isakwisa, ambaye wakati huo alikuwa anapigilia misumari kwanza halafu ndiyo anapima, aliiomba mara nyingi. Jibu halikubadilika: "Mkono wako una haraka, kijana. Ukitulia, nitakupa." Mkono haukutulia. Karakana ikafungwa, Mzee akarudi kwao, na baadaye sana zikaja habari kwamba amefariki. Kwao hasa ni wapi, Isakwisa hakuwahi kuuliza, na Usangu ni kubwa.

Mwaka jana Joyness alianza kufuga kuku wa nyama. Isakwisa akazunguka kwenye mashine za mbao zote za jirani akiomba maranda, yale makapi laini yanayotandikwa bandani. Kila mtu akajua kwamba fundi anatafuta maranda. Siku moja, akiwa katikati ya kukata ubao, simu ikalia.

"Kamwene, fundi. Mimi naitwa Veneranda, niko Madibira. Nimeambiwa unakusanya maranda. Hapa kwetu yapo, yamejaa stoo, mchwa wanayamaliza."

Msumeno alikuwa nao mkono wa pili, na mtandao ulikuwa unakwaruza. "Asante, dada yangu, lakini maranda huku tumeshapata tele. Hayo watandikie kuku wako."

"Kuku?"

"Ndiyo. Yaweke humo humo bandani, watalala raha mstarehe."

"Haya, fundi. Wewe ndiyo unajua."

Akakata simu, akaendelea na ubao wake. Baada ya siku kadhaa akaja Amos, mfanyabiashara wa mchele, kuulizia kitanda chake. Hata kiti hakukaa vizuri, alishaanza kucheka.

"Fundi, kule Madibira umemshangaza binti wa Mzee Aroni, yule Veneranda. Eti umemwagiza alaze kuku kwenye randa za marehemu baba yake!"

Isakwisa aliweka nyundo chini. Yote yalimjia kwa mpigo. Randa moja, maranda mengi! Veneranda alikuwa amefanya tunavyofanya wengi wetu huku bara: kitu kikizidi kimoja tunakibandika "ma" mbele, maisha yanaendelea. Isakwisa mwenyewe husema manguo, husema masabuni, na hakuna anayemkamata. Sasa randa aliyoitamani tangu ujana alikuwa ameitupa kwa kuku, kwa mdomo wake mwenyewe. Aliumia mpaka chakula cha mchana kikamshinda.

Kesho yake alipanda basi hadi Igawa, na kutoka hapo akapata lifti kwenye lori lililokuwa linafuata mpunga Madibira. Njia nzima alikuwa anaiona ile randa imepasuka, imeoza kwa mavi ya kuku.

Alimkuta Veneranda akianika mpunga uani. Walipokwisha kusalimiana na mambo kueleweka, mwenyeji wake alimpeleka bandani. "Nilifanya kama ulivyosema," alisema, bila hata chembe ya utani. Randa ndogo zilikuwa zimepangwa ukutani. Ile ndefu ilikuwa imelala kwenye majani makavu, na juu yake kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai. Isakwisa alinyoosha mkono. Kuku akamdonoa mpaka damu ikatoka.

"Hapana, fundi," Veneranda akamvuta shati. "Zingine chukua zote, baba angefurahi. Ila hii ndefu, kuku simuondoi, ndiyo kwanza ameanza kulalia. Subiri atotoe."

"Dada, mimi nimetoka Uyole!"

"Hata kama. Una haraka sana wewe."

Isakwisa aliutazama mkono wake uliodonolewa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya banda, na Veneranda akarudi nyuma kidogo, asijue kama mgeni wake ni mzima. Alipomweleza maneno ya Mzee Aroni, naye akacheka. Jioni ile Isakwisa alirudi nyumbani na kiroba cha randa ndogo, bila ile aliyoifuata. Joyness akawa anamuuliza kila siku kama kuku wake amejifungua.

Aliporudi Madibira vifaranga walikuwa wamejaa uani, na randa ilikuwa mezani, imefutwa vizuri, imefunikwa kanga. Aliigeuza. Mchwa walikuwa wamechimba upande mmoja, kisha wakaishia njiani.

"Kuku waliwala wote," Veneranda akasema. "Stooni saa hizi ingekuwa unga."

Nyumbani aliisafisha taratibu. Nyuma ya ulimi kulikuwa na kishimo kilichochimbwa na kidole gumba cha Mzee kwa miaka ya kazi. Isakwisa akaweka chake, kikaenea. Machozi yalimtoka mbele ya mkewe na hakuyafuta. Kisha akapiga randa ubao wa mninga, na maranda yakatoka marefu, membamba kama ganda la kitunguu. Aliyakusanya yote kwenye mfuko, akampa Amos ayapeleke kwa vifaranga wa Veneranda.

Simu ilikuja baada ya siku chache.

"Fundi, mfuko nimeupata. Ila kuku sijawapa."

"Kwa nini, dada?"

"Nimeuweka chumbani. Unanukia kama baba akitoka kazini."

Isakwisa aliweka kidole gumba chake kwenye kile kishimo, kikatulia.

"Basi uache hapo hapo, dada yangu," akasema. "Ya kuku nitapiga mengine. Sina haraka."