Joto la Vifaranga

Mama yangu alichoka na kazi ya usiku kiwandani, na dawa aliyojiandikia mwenyewe ilikuwa kuku wa mayai. Hakuuliza mtu. Nilienda kumwona Makongeni siku moja nikakuta kizimba cha waya kimejaza baraza lote mbele ya mlango, orofa tatu, kimechomelewa na fundi fulani wa Gikomba. Vyumba vyake vilikuwa vidogo mno. Kuku angeingia, angekula, angetaga, lakini kunyoosha bawa asingeweza.

"Mama, kuku ataishi humu maisha yake yote?"

"Na mimi nimeishi kwa hiki chumba miaka mingapi?" akanijibu. "Hao hata kodi hawalipi."

Nilicheka kwa sababu mama alikuwa anacheka. Kile kizimba sikukipenda, na kila nilipokipita nilijibana ukutani nisikiguse.

Vifaranga wenyewe walikuwa ndani, boksi zima, ndani ya duara la katoni kati ya kabati na kitanda. Juu yao mama alikuwa amening'iniza balbu ya kuwapa joto. Asubuhi akitoka kiwandani alivuta pazia akalala upande wa pili, karibu nao kiasi cha kunyoosha mkono. Alinifundisha kuwasoma. Wakirundikana na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Wakitawanyika wakanyamaza, wako sawa, na mtu anaweza kulala. Aliwabadilishia maji kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Aliwapenda kweli, na wala hakuona kwamba kile kizimba cha nje kinapingana na mapenzi hayo.

Mwezi wa saba transfoma ya mtaa ikaungua. Stima ikapotea siku moja, ya pili, ya tatu, na hakuna aliyekuja kuangalia. Baridi ya Nairobi ya mwezi huo haina huruma. Jua halionekani na nguo hazikauki. Asubuhi moja mama alinipigia simu nikiwa dukani Eastleigh, ninapouza vitambaa. Alikuwa anajisifu. Ameingiza jiko la makaa ndani, amefunika dirisha kwa nailoni, na chini ya mlango ameziba kwa gunia.

"Fungua dirisha kidogo," nikamwambia.

"Upepo utawaua."

"Na wewe je?"

"Mimi niko na blanketi. Wacha nilale, mama, nimechoka."

Alikuwa akiniita mama anapotaka nimwachie nafasi. Nilikasirika nikakata simu. Lakini hasira haikukaa. Nilipimia mteja kitambaa vibaya, nikampimia tena vibaya. Nikapiga simu mara mbili na hakushika, nikajiambia amelala, si ndiyo alikuwa anataka kulala? Saa sita nikaomba ruhusa.

Nilifika Makongeni mchana mweupe. Kwa kawaida ukiwa barazani ungewasikia wale vifaranga kupitia mlangoni. Siku hiyo kulikuwa kimya. Kwa muda mfupi nilifurahi, nikasema wametulia, wako sawa. Kisha nikakumbuka lile jiko.

Niliusukuma mlango, gunia likakwama, nikausukuma kwa bega. Joto lilinipiga usoni. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Vifaranga walikuwa wametawanyika vizuri ndani ya duara lao, shingo zimelala sakafuni na midomo wazi. Nikavuta pazia. Mama alikuwa ameelekea ukutani, blanketi hadi mabegani.

Nilimwita. Nilimtikisa, na mkono wake ukaanguka ulivyotaka.

Sijui nilipiga kelele gani. Jirani wa mlango wa pili alikuja mbio na mikono yenye sabuni. "Ni makaa hiyo! Shika miguu, tumtoe nje!"

Tulimlaza barazani. Alikoroma, akatapika, akafungua macho na kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Niliogopa jina hilo kuliko nilivyoogopa ule ukimya. Katika kliniki ya karibu walimvisha barakoa ya hewa, na jioni tukarudi akiwa ameniegemea.

Jirani alikuwa ameacha mlango wazi. Vifaranga waliokuwa karibu na mlango walikuwa wamezinduka, si wengi, na sasa walikuwa wamerundikana wakilia.

"Washa jiko," mama akasema.

"Hapana."

"Wanakufa. Huwasikii? Washa!"

Nilichukua maji ya kunawa nikayamwaga juu ya makaa yaliyobaki. Kisha nikachemsha mengine kwa gesi ya jirani, nikajaza chupa za soda, nikazifunga kwa leso za mama na kuzipanga katikati ya vifaranga. Zilipoa upesi kuliko nilivyoweza kuzijaza. Waliendelea kulia, wakipungua, na mama alikaa kitandani akinitazama mimi, si wao. Wa mwisho aliponyamaza, alivuta blanketi.

"Umeniua," akasema.

Niliwakusanya vifaranga ndani ya boksi walilojia. Kesho yake jioni, kichwa kikimuuma bado, alivaa aproni yake akaenda kiwandani.