Mkopo Wetu Uliishia Kwenye Uzio

Siku yangu ya kwanza katika mfuko wa mikopo ya kusafisha ardhi, Mkaguzi Mkuu alinipa buti za mpira kabla hajanionyesha kiti. Nilikuwa nimetoka kwenye tawi la benki huko Bondo, nimevaa viatu vya kisigino, nikidhani kazi ya mikopo ni ya mezani. Akaitazama miguu yangu, akacheka. "Madam, huku mkopo tunakagua kwa kukanyaga," akasema.

Ninyi mnaoingia kazini leo mnaikuta kazi imeshazoeleka, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa. Mtu akitaka kujenga mahali palipokuwa na kiwanda, benki humkimbia, kwa sababu hakuna ajuaye udongo umebeba nini. Sisi tulimkopesha pesa za umma kwa riba ndogo, asafishe, ajenge, kisha alipe polepole ili mwingine naye akopeshwe. Hatukuzitoa kwa mkupuo. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kuchimba na kuondoa udongo mchafu, ya pili ya kujaza murramu safi, ule udongo wa changarawe wa barabarani, na ya mwisho ilisubiri upimaji wa uthibitisho: maabara inachukua udongo uliobaki chini na kutuambia kama ni salama.

Nilianzia Usenge, kwenye kiwanda cha barafu kilichofungwa, ambako dizeli ilikuwa imevuja ardhini miaka mingi. Kazi ile haikuninyima usingizi. Dizeli unainusa, unaijua ilipo. Kilichonitia hofu ni kromu, dawa ya viwanda vya ngozi, ambayo hukaa ardhini kimya bila harufu wala ladha. Wenzangu waliniita Mama Wasiwasi, nami nikawajibu kwamba wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili. Walicheka, lakini kila walipokuwa na kiwanja kigumu walinituma mimi.

Ndivyo nilivyopelekwa Kisumu, kwenye kiwanja cha kiwanda cha ngozi kilichokufa, karibu kabisa na ziwa. Mkopaji alikuwa mfanyabiashara mpole aliyetaka kujenga soko. Alichimba vizuri, akajaza murramu, akaishindilia kwa rola hadi ikawa kama sakafu. Kanuni ilidai bango, maana pesa ni za wananchi, na Mkurugenzi wetu alipenda mabango makubwa. Likasimama langoni: ARDHI HII INASAFISHWA KWA MKOPO WA UMMA. Sampuli za udongo zikaenda Nairobi, nasi tukakaa kusubiri. Majibu yakachelewa.

Asubuhi moja nikapita kukagua uzio. Kiwanja kizima kilikuwa kinang'aa. Nyavu zilikuwa zimetandazwa kutoka langoni mpaka upande wa ziwa, na juu yake omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, fedha tupu juani. Akina mama wa ziwani walikuwa wameianika ikauke.

Ajuaye biashara ya omena atawaelewa wale akina mama. Mchanga ndio adui yao. Mnunuzi akitafuna mchanga harudi tena. Wanatafuta mahali tambarare, pagumu, penye jua, na sisi tulikuwa tumewatengenezea pale pale mlangoni pao. Mlinzi aliwafungulia bila hila yoyote.

Mwenye nyavu nyingi alikuwa Mama Awino, mjane aliyesomesha watoto kwa omena hiyo hiyo. Alikuwa ameinama akigeuza samaki kwa ufagio.

"Mama, hapa bado hapajapimwa," nikamwambia.

"Kupimwa nini tena, Madam? Si mumesafisha? Bango ya serikali iko pale."

"Bango linasema panasafishwa. Dawa ya ngozi huenda bado iko chini, na unyevu huipandisha."

Akasimama wima. "Huenda? Kwa hivyo hujui."

"Sijui. Majibu bado."

"Mimi nitupe mali yangu juu ya kitu wewe hujui?" Akauegemea ufagio wake. "Sawa. Niambie tu hivi. Hii omena, wewe unaweza pikia watoto yako?"

Nilifikiria wanangu na sufuria ya nyumbani. Mama Awino hakungoja zaidi. Akapiga kelele kwa Dholuo, wenzake wakainuka, wakaanza kukunja nyavu. Waliimwaga omena yote ndani ya shimo la taka la mkandarasi wa mkopaji. Mmoja alilia waziwazi, nami nikalia naye, na buti zangu miguuni.

Nilidhani ndio mwisho wake. Mama Awino akakung'uta wavu mtupu, akaniuliza, "Na ile tumeuza tangu wiki iliyopita?"

Nikakimbilia kwa Mkurugenzi. Nikamwomba tuitafute omena iliyokwisha kuuzwa, tutangaze sokoni, tuwaite watu wa afya.

"Tutangaze nini, Madam?" akasema. "Hatuna majibu. Ukitia watu hofu na udongo ukuwe safi, nani atakopa tena? Mkopo wetu unaishia kwenye uzio."

Majibu yakafika. Sehemu kubwa ilikuwa safi. Pembe ya ziwani, yalikokuwa mashimo ya kulowekea ngozi, ilikuwa na kromu kupita kiwango. Nilizuia awamu ya mwisho, Mkurugenzi akanuna lakini akatia sahihi, mkopaji akachimba upya. Katika hilo kanuni zetu zilifanya kazi, na ninajivunia.

Lakini ni wavu gani ulikuwa pembe ile wiki ya kwanza? Hakuna aliyekumbuka. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya afya. Afisa wa pale, kijana mwenye adabu, akaniambia nilete omena yenyewe ipimwe. Ningeitoa wapi? Ilikuwa imeshaingia masoko ya Kibuye na Kisian, na nyumba nisizozijua, pengine na yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nimestaafu. Soko lilijengwa, mkopo unalipwa, na kwenye sherehe ya kuniaga waliutaja mradi ule kuwa mfano bora. Nilipiga makofi kama wengine. Vijana, someni kanuni za awamu, zinaokoa watu. Ila mkifika kwenye uzio, chungulieni ng'ambo yake pia, maana sumu haisomi mkataba.

Mama Awino ana kibanda mle sokoni. Napita kwake kila Jumamosi. Tunasalimiana, tunaulizana habari za wajukuu, kisha anapunguza sauti wateja wasisikie.

"Wamesema nini juu ya ile omena ya kwanza?"

"Bado, Mama."

"Basi tungoje," anasema, na kumgeukia mteja.

Anaamini kuna mtu mahali fulani bado anapima.