Jicho la Mama Maige kwenye laptopu kuukuu

Saa tatu asubuhi, jua la Kahama limeshachoma mabati ya kibanda, na Nyamizi Donatus anasugua kifuniko cha laptopu kwa msasa kama mtu aliyetukanwa. Na kweli ametukanwa. Wiki nzima sokoni wanamwita mwizi.

Mama Maige, kama anavyojulikana, ana miaka 41. Alijifunza kupuliza rangi kwenye gereji ya magari, na kwa miaka sita sasa anazipaka upya laptopu zilizochakaa ofisini na migodini. Moja ni shilingi 20,000. Wiki ikiwa nzuri hupata tano.

"Mtu ana kompyuta yake kuukuu, anataka iwe ya bluu ili moyo umtulie akiifungua," anasema. "Wizi uko wapi hapo?"

Tena ana desturi yake. Chini ya kila mashine huacha sehemu ya ukubwa wa kidole gumba bila rangi, na mikwaruzo yake yote. Anaiita jicho. Anayenunua aigeuze mashine, aone alichonunua.

Mchuuzi mmoja, Athanas, alimletea kumi za kupaka kijani. Akalipa, akashukuru, akaondoka nazo. Kisha akabandika juu ya kila jicho stika ya kung'aa iliyoandikwa "Mpya".

Moja aliinunua Mwalimu Loveness wa Ushetu, kwa fedha za tumbaku ya mama yake, kwa bei ya mashine mpya. Mwezi haukuisha, stika ikabanduka kwa joto. Fundi aliyeitazama akalitambua jicho mara moja, akamwelekeza hapa. Alama iliyoachwa ili asidhulumiwe mtu ndiyo iliyoleta lawama mlangoni kwa aliyeiacha.

"Nilikuja kugombana," anakiri Loveness, ameketi kwenye kigoda. "Mama Maige akanionyesha mashine zote za hapa ndani. Kila moja ina jicho. Nikaona aibu."

Athanas alipoulizwa na mwandishi huyu, alijibu bila haya kwamba yeye hakutamka neno "mpya" hata mara moja. Lilikuwa kwenye stika tu. Anatembea mjini kifua mbele, na mwanamke aliyefanya kazi yake kwa uaminifu ndiye anayenyooshewa vidole. Inaudhi.

Juzi Athanas alirudi na nne nyingine. Alitaka zipakwe zote, pasibaki jicho, na angeongeza hela. Mama Maige alimrudishia mfuko wake barabarani, watu wakitazama.

"Mimi nilipaka rangi, mwalimu. Uongo aliupaka yeye," anamwambia Loveness, akipuliza vumbi la msasa.

Tangu siku hiyo amehamisha jicho. Sasa liko juu, katikati ya kifuniko, upana wa kiganja, na mwaka wa mashine umeandikwa pembeni. Wateja watatu wameshakataa na kwenda kwingine. Anajua wengine watafuata, lakini amepania kila laptopu itakayotoka mikononi mwake itoke hivyo.

Ya kwanza ni hii ya Loveness, ambayo Jumatatu ataingia nayo darasani.

"Athanas akitaka kuliziba na hili," anasema Mama Maige, "atafute stika ya kufunika laptopu nzima."