Baba Ukumbini, Siku ya Kufunga Shule

Harufu ya nta ya sakafu hunirudisha mpaka leo kwenye ukumbi wa shule yetu ya wavulana, Kwale, siku ya kufunga muhula. Baba yangu, mkwezi wa minazi kule Tiwi, alikuwa ameketi nyuma na wazazi wengine, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Mwalimu mkuu, Mzungu mwenye sauti kali, alikuwa ameshawaita mbele wavulana wawili na kuwafukuza shule. Kisha akaniita mimi.

Nikaenda mbele. Alisema maneno mengi kwa Kiingereza, kwa ukali ule ule, na kwa hofu sikusikia hata moja. Mara Baba, asiyejua Kiingereza, akasimama.

"Bwana, nakuomba umsamehe," alisema. "Bado ni mtoto. Nitamkanya mwenyewe."

Mwalimu wetu wa Kiswahili akamwendea, akamwambia taratibu, "Mzee, mwanao amekuwa wa kwanza darasani."

Baba hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Sijui, Baba," nikamjibu.