Tusi Lililoeleweka

Elkanah Odhiambo ameuawa Uarabuni mara nyingi kuliko nyoka. Amepigwa risasi akaanguka kisimani, ametupwa na ngamia, amenyongwa, ameachwa jangwani afe kwa kiu huku kamera ikimzunguka na mtu wa vipodozi amesimama kando anapiga miayo. Na kila alipokufa aliamka, akakung'uta mchanga, akaenda kuwasha gari la bosi, maana kazi iliyomleta Riyadh ilikuwa udereva.

Bosi mwenyewe ni Mansur wa Al-Suwaidi, mtengenezaji wa tamthilia za televisheni, zile za jangwani za zamani: bunduki, farasi, shujaa mmoja na majambazi kundi zima. Ndiye kafili wake pia, mdhamini aliyemleta nchini. Siku moja jambazi mmoja hakutokea kazini, Mansur akageuka akamtazama dereva wake kana kwamba ndiyo kwanza amwone. Elkanah ana kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Punda wa kuteka maji alimpiga teke kule Bondo akiwa mdogo. "Yalla, vaa," Mansur akasema. Hakumuuliza kama anataka. Nani huulizwa?

Basi teke la punda likageuka kuwa kipaji. Mwaka baada ya mwaka Elkanah alisimama nyuma ya mwovu, akakunja uso, akafa. Watu wa mtaani wakaanza kumtambua, lakini si kwa mapenzi. Myemeni mwenye bakala, duka la pale kona, alikuwa akimfuata mgongoni hadi kwenye friji ya maziwa, asije akamwibia. Mtu anaonekana jambazi kwenye televisheni, basi ni jambazi hata akinunua mkate. Elkanah alimchukia yule mzee, na hakuona sababu ya kuficha.

Lakini kilichomkereketa zaidi ni jina. Tamthilia ikiisha majina hupanda kwenye kioo. La mpishi hupanda. La mwenye ngamia hupanda. La Elkanah, mafi, hakuna. Kiarabu hakujua kukisoma, ila umbo la jina lake alilijua kutoka kwenye ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, na kila mara alilitafuta akalikosa. Dada yake Beldina, mfanyakazi wa ndani huko Jeddah, alijisahau akamwambia madam wake kwamba mwenye kovu ni kaka yake. Madam akamwambia aonyeshe jina. Halikuwepo. Tangu siku hiyo Beldina akawa mwongo wa nyumba, kikombe kikipotea ni yeye, sabuni ikiisha ni yeye.

"Kaka, waambie wakuandike," Beldina alimwambia kwa simu. "Mara moja tu. Nimechoka kuitwa mwongo."

Elkanah akamkabili Mansur garini. Mansur akacheka, akasema, "Tamthilia ya Ramadhani hii utasema maneno. Anayesema huandikwa, sehemu ya mwisho ikiisha."

"Niseme nini, bosi?"

"Chochote. Kwa lugha yenu. Muradi kitishe. Kiarabu tutakiandika chini."

Sasa ngoja nikuambie kuhusu Rakan, yule shujaa. Mzuri wa sura, roho ya fisi. Katika uigizaji kofi hupita hewani, sauti huwekwa baadaye. Rakan alipiga la kweli, tena kwenye kovu, halafu akawageukia watu wacheke. Nao walicheka, maana yeye ndiye Rakan. Elkanah alimeza kofi la kwanza. La pili lilipokuja, akakumbuka kwamba ameruhusiwa kusema chochote.

"Pumbavu wewe," akamwambia mbele ya kamera, sauti nzito kama ya mtu anayetoa amri ya vita. "Miguu ya korongo. Unanuka mdomo mpaka mbuzi wanakukimbia."

Chini ya picha wakaandika kwamba jambazi anaapa kuuteketeza mji.

Tamthilia hizo hurekodiwa huku zinaonyeshwa, kwa hiyo haikuchukua muda. Jioni, familia zikiwa zimefuturu na televisheni inawaka, jikoni za Riyadh na Jeddah zikalipuka kwa kicheko. Wakenya waliokuwa wakipitisha sambusa walibaki wameuma vitambaa vya sahani. Mtaani Manfuha, Riyadh, kwenye chumba walichopanga madereva ili wakutane Ijumaa, Elkanah alipokelewa kama bwana harusi. Kila mmoja aliagiza tusi la bosi wake. Elkanah akawa anayapeleka, na Rakan akawa anayapokea kwa kifua mbele, hajui anasomewa nini.

Mmoja tu hakucheka. Lawrence, dereva wa Rakan, mtu wa Kisii, alikuwa ameomba nafasi ile akanyimwa kwa sababu uso wake ni laini. Rakan alipomuuliza yule Mkenya husema nini, Lawrence alijibu, "Anasema wewe ni simba, bosi." Halafu akaja kumnong'oneza Elkanah: "Una deni langu, maiti wewe." Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amevaliwa hadi shingoni.

Onyesho la mwisho lilirekodiwa nje ya Jeddah. Elkanah angesema mara moja, apigwe, afe, na jina lake liandikwe. Mansur alikwisha kumwahidi. Beldina alikwisha kumwambia madam asubiri.

Rakan alipiga kofi lililompasua mdomo. Elkanah akahisi damu, akasahau miguu ya korongo, akasahau mbuzi. Alitaka tusi zito, tusi la haja, na Kiswahili cha shuleni kikamletea moja, lile mwalimu wao alilowatupia walipofeli insha.

"Hayawani wewe."

Hakuna aliyecheka. Mwenye ngamia aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Elkanah alipokumbuka kwamba Kiswahili kimekopa, na tusi lile lilikopwa kwa hawa hawa waliosimama mbele yake. Akutukanaye hakuchagulii tusi, wahenga walisema. Laiti angelichagua.

Rakan alibaki mdomo wazi, mweupe, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akaapa kwamba huyu akibaki, yeye anaondoka.

"Halas, basi," Mansur akasema, hata hakumtazama. "Rudi kwenye gari."

Elkanah akakaa garini, kiyoyozi kimezimwa, akaona kupitia kioo jinsi Lawrence alivyovishwa nguo zake akalazwa kifudifudi mchangani. Maiti hahitaji kovu. Karani wa majina alipopita akiuliza Mkenya anaitwaje, aliyekuwa karibu naye, na aliyejibu, ni maiti.

Lile tusi halikukatwa. Mansur si mjinga: mshangao wa Rakan ulikuwa uigizaji bora kuliko wote aliowahi kuutoa. Siku chache baadaye, jioni, lilipoonyeshwa nchi nzima ilirukaruka. Elkanah alikuwa Manfuha, amepiga magoti karibu na kioo, anatafuta umbo la jina lake. Majina yalipanda yakaisha. Mwenzake mmoja anayejua kusoma akakohoa. "Wameandika Lawrence," akasema.

Beldina alituma ujumbe wa sauti, mfupi. Madam ameangalia hadi mwisho, amesema eti sasa hata jina la kaka yangu silijui.

Kesho yake Elkanah aliingia kwenye bakala kununua maji. Yule Myemeni alimwona, akatoka nyuma ya meza mikono imefunguliwa, meno yote nje, na simu tayari kwa picha. "Lorans," aliita. "Hayawani! Karibu, Lorans."

"Mimi si Lawrence. Naitwa Elkanah."

Mzee akacheka, akatikisa kichwa. Elkanah akatoa ikama mfukoni akamwekea mezani, kidole juu ya jina. Myemeni akavaa miwani, akasoma jina, kisha akasoma mstari wa chini yake, palipoandikwa kazi yake. Tabasamu likamwisha. Akarudisha simu mfukoni.

"Dereva wa nyumbani," akasema, akaisukuma ile ikama. Kisha akamfuata mgongoni hadi kwenye friji.